Kifuniko cha Bakuli la Tamotsu

Mimi nilikuwa mtu wa boila kwenye manowari ya Japani iitwayo Usugiri. Mtu akiniuliza nilifanya nini vitani, jibu ni hilo: nilichemsha maji. Juu yangu wenzangu walipiga mizinga na kudondosha mabomu ya kuulia nyambizi. Mimi nilikuwa chini, kwenye joto la kukausha samaki, nikiangalia mshale wa presha. Vita nilivyoviona kwa macho yangu ungeweza kuvisikiliza vyote kabla chai yako haijapoa.

Usugiri ilikuwa moja ya zile manowari nyembamba za mbio, zinazotumwa kila kazi ambayo meli kubwa haziitaki. Bati lake lilikuwa jembamba mno. Ukilala na sikio ukutani unaisikia bahari ikipita upande wa pili. Miezi ya mwanzo tulisindikiza meli za askari kwenda kusini, na kila tulipofika tuliambiwa tumeshinda. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa wachukuzi wa mchele.

Huko kwenye visiwa vya Solomon kulikuwa na kisiwa kimoja ambako askari wetu wa nchi kavu walikuwa wamekwama bila chakula. Wenyewe walikiita Kisiwa cha Njaa. Meli za mizigo hazikuweza kufika, ndege za adui zilikuwa zimezimaliza. Basi wakubwa wakasema manowari zipeleke. Tukachukua mapipa ya mafuta, tukayaosha kwa magadi, tukatia mchele nusu pipa ili yaelee, tukayafunga kwa kamba ndefu moja baada ya jingine kama shanga. Usiku tunakwenda mbio mpaka karibu na ufuko, tunayasukumia majini, mashua inapeleka ncha ya kamba pwani, askari wanavuta. Sisi tunageuza na kukimbia kabla jua halijatoka. Lakini wavutaji wenyewe walikuwa mifupa mitupu, na kamba zilikatika. Asubuhi mapipa yanaelea ovyo na ndege za adui zinakuja kuyatoboa moja moja, bila haraka. Katika mapipa kumi yalifika mawili. Siku nzuri, matatu.

Aliyesimamia kujaza mapipa hayo alikuwa mpishi wetu, Tamotsu, rafiki yangu tangu utotoni. Tulitoka kijiji kimoja, Isonoura, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na kisima tu. Tulisoma darasa moja na tukaacha shule mwaka mmoja, yeye akaenda kupasua samaki sokoni, mimi kwenye boila ya kiwanda cha chumvi. Alikuwa mnene. Kati ya watu zaidi ya mia mbili melini, ni yeye peke yake aliyezidi kunenepa vitani, na watu hawakumwacha.

"Wewe Tamotsu, unakula mchele wa wale maskini!"

"Nakula wa mama yangu," anajibu, anaendelea kukoroga. "Saa hizi ananipakulia. Nyie mnakula mara tatu kwa siku, mimi mara nne. Mna wivu."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu mtu akisafiri, mama yake au mkewe humwekea sinia lake kila siku mbele ya picha yake, kana kwamba yupo, ili asishinde njaa huko aliko. Bakuli la wali hufunikwa, baada ya muda hufunuliwa. Kifuniko kikiwa na matone ndani, msafiri ni mzima. Kikiwa kikavu, basi. Hakuna anayesema hiyo "basi" ni nini. Kila mtoto wa kwetu anajua.

"Na wewe unaamini mambo hayo?" nilimwuliza siku moja. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha bomba la moshi tukimenya viazi. "Weka kitu baridi juu ya kitu cha moto, maji yatatoka tu. Hata ungekuwa umekufa kifuniko kingelowa."

"Gen, boila imekuharibu. Kifuniko kile hakifanyi kazi ya kumwambia mama kama niko hai. Kinamfanya ale. Akishafunua, akaona matone, ndipo anakula lile bakuli langu. Siku hizi mgao umepungua, hilo ndilo bakuli lake la mchana. Bila hivyo yule mwanamke hali. Namjua."

Akamenya viazi viwili vingine kabla ya kutoa lililokuwa moyoni.

"Nikifa, usiiache karatasi ya serikali ndiyo ikamwambie. Nenda wewe. Kaa chini, umwambie kwa mdomo wako, 'Mama, Tamotsu amekufa.' Hivyo hivyo. Usizunguke."

"Na nikifa mimi?"

"Wewe una nani? Shemeji yako atashukuru, chumba kimepatikana."

Tulicheka. Kisha nikamwahidi. Ahadi yenyewe niliitoa huku nikitupa maganda baharini.

Safari ya tano ya mapipa ndiyo iliyotumaliza. Boti ndogo za adui, za mbao, zilikuwa zimejibanza kwenye kivuli cha kisiwa, na torpido moja, kombora la chini ya maji, ikatupata nyuma. Kule chini taa zilizimika, mshale wa presha ukaanguka, sakafu ikainama. Ofisa wetu akasema tuzime moto tutoke. Tukazima, tukatoka. Wale wa chumba cha boila cha nyuma hawakutoka. Nilipofika juu, nusu ya meli ilikuwa inawaka na mapipa yalikuwa yanabingirika baharini yenyewe. Sikuruka. Meli iliondoka chini ya miguu yangu.

Maji yalikuwa vuguvugu, na juu yake mafuta mazito kama uji. Nilishikilia pipa la mchele, sijui saa ngapi. Kulipoanza kupambazuka nikasikia sauti kwenye pipa la pili.

"Wee bwana, hilo pipa ni mali ya jikoni. Nani kakuruhusu?"

Alikuwa Tamotsu. Uso wote mweusi kwa mafuta, meno tu ndiyo yaliyokuwa yake.

Manowari moja ya kundi letu ilirudi kutuokota. Ikasimama, ikateremsha kamba ubavuni, watu wakaanza kupanda. Tulifika kwenye kamba moja, mimi na Tamotsu.

"Tangulia," alisema. "Nikianza mimi itakatika, tukose wote."

Mikono yangu ilikuwa na mafuta na kamba ilikuwa na mafuta. Niliteleza mara mbili. Akajisogeza chini yangu, akaniwekea bega.

"Panda! Na usinikanyage kichwa, nina akili humo."

Nikamkanyaga bega, nikapanda.

"Aliye juu mngoje chini," akaita kutoka kule majini, "lakini wewe usirudi!"

Watu walinishika kola, wakaniburuta juu ya sitaha. Wakati huohuo mtu wa darubini alipiga kelele kwamba ndege zinakuja, na injini zikaanza kunguruma. Nilirudi ukingoni, nikaikamata kamba ileile, na mabaharia wawili wakashika pamoja nami. Tamotsu alikuwa ameishika. Tulimvuta mpaka tumbo lake likatoka majini. Meli ikaongeza mwendo, kamba ikalala kuelekea nyuma, kule yaliko mapanga yanayosukuma maji. Hakupiga kelele. Alinitazama vile alivyokuwa akitazama chungu kinachotaka kufurika. Halafu kamba ikawa nyepesi. Sijui kama aliiachia au ilimtoka. Tuliendelea kuvuta mpaka ncha ikafika mikononi mwetu. Nyuma yetu vichwa vilikuwa vingi majini, si chini ya arobaini, na mkono huku na kule unainuliwa. Sikumwona mtu yeyote sitahani akiwapungia.

Sisi tuliookolewa hatukupelekwa makwetu. Tulifungiwa kwenye kambi moja penye uzio, miezi miwili, bila barua kuingia wala kutoka. Siku ya kutoka ofisa mmoja alituweka mstari.

"Usugiri haijazama," alisema. "Usugiri iko kazini. Familia zitaarifiwa wakati ukifika. Atakayefungua mdomo atafungwa. Na aliyemsikiliza atafungwa naye, kwa kueneza uvumi."

Tukaweka dole gumba kwenye karatasi. Nikapewa likizo ya siku tatu, halafu niripoti kwenye meli nyingine.

Nilifika Isonoura mwezi wa tatu, upepo ungali wa baridi. Sikuwa hata nimevua viatu mlangoni kwa kaka yangu, mama yake Tamotsu akaja mbio na mikono yenye magamba ya dagaa. Jina lake Shige, lakini mimi tangu utotoni namwita mama.

"Genkichi! Na mwenzako?"

"Hajambo, mama." Neno la kwanza, na nimeshadanganya. "Yuko melini. Likizo tunapeana zamu."

"Bado mnene?"

"Mnene."

Akacheka huku amefunika mdomo. "Ni mimi huyo! Kinue, umesikia? Ni mimi ninayemnenepesha!"

Kinue ni dada yake Tamotsu, wakati ule msichana wa miaka ishirini. Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na ndoo mbili. Hakucheka. Alikuwa ananitazama mikono, kwenye zile alama za kamba ambazo hazijapona vizuri.

Kwenye kisima alikuwapo pia mjumbe wa nyumba kumi, mzee Hamasue, akijifanya anafunga kiatu.

"Habari za vita, kijana?"

"Tunashinda, mzee."

"Vizuri. Useme hivyo hivyo."

Hamasue hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Miezi michache nyuma mke wa fundi wa mashua alisema dukani kwamba amesikia meli ya mumewe haipo tena. Hamasue alipeleka habari. Polisi walimchukua yule mama siku kumi, na aliporudi hakusalimia mtu. Kaka yangu alinieleza hayo jioni, taratibu, huku akiniangalia. Hakuniuliza kitu. Alinijazia kikombe tu.

Nililala nikiwaza. Ningekuwa nina uhakika kwamba Mama Shige anaweza kunyamaza, ningemwambia usiku uleule. Lakini alikuwa mtu wa sauti. Mumewe alipokufa kwa homa alilia mpaka kijiji cha pili wakadhani kuna moto. Nikimwambia, atalia. Akilia, Hamasue atasikia. Nitaondoka na polisi, sawa, hilo nililipima. Lakini naye ataondoka, na Kinue nyuma yake. Aliyemsikiliza atafungwa naye.

Siku ya pili walinialika chakula cha mchana. Sinia dogo jekundu liliwekwa mbele ya picha ya Tamotsu, kofia imemkaa upande. Bakuli la wali uliochanganywa na shayiri, limefunikwa. Mchuzi, dagaa wanne, kipande cha figili ya chumvi. Tukakaa. Mama Shige alizungumza na ile picha kana kwamba mimi sipo.

"Mwenzako kaja amekonda. Nitampa nini mimi? Wewe uwe unampikia vizuri huko."

Halafu akafunua. Kifuniko kilikuwa kimelowa tele. Akakigeuza tukione, matone yakamteremkia mkononi.

"Angalia! Anatoka jasho kabisa. Yuko jikoni saa hizi."

Akavuta bakuli, akala wali wote, punje kwa punje, mbele ya picha, kwa furaha. Mimi nilikuwa nakigeuzageuza kiazi changu mkononi.

"Kula, mwanangu. Au umezoea vya melini?"

"Nakula, mama."

Ndipo wazo likanijia, na nililiona la maana sana. Ulimi wangu ulikuwa umefungwa. Lakini kifuniko hakikuweka dole gumba popote. Kikiwa kikavu, atajua. Atajua mwenyewe, moyoni mwake, polepole, bila mtu kusema neno ambalo Hamasue anaweza kulipeleka. Hata akilia, atalia kwa sababu ya bakuli, na hakuna polisi wa kumfunga mtu kwa sababu ya bakuli. Nimekaa na mvuke miaka mingi. Kama kuna mtu Japani nzima anayejua kukausha kifuniko, ni mimi.

Siku ya tatu, ya mwisho, kina mama wa kijiji walikwenda gatini kuwaaga askari wapya. Mama Shige alikwenda na bendera yake ya karatasi, akaacha sinia tayari kwa kuwa angechelewa. Nilimkuta Kinue peke yake jikoni.

"Kaka Genkichi, nichungie moto, niende kisimani mara moja."

"Nenda."

Alipotoka nilifunua bakuli. Nikaupepea wali kwa kipepeo cha moto mpaka ukapoa kabisa. Nikakifuta kifuniko kwa kitambaa changu cha jasho, ndani na ukingoni, nikakipasha motoni kidogo, nikakifuta tena. Nikafunika.  Nikasema kimoyomoyo, Tamotsu, nimetimiza. Si kwa mdomo, lakini nimetimiza.

Mama Shige alirudi mashavu mekundu kwa baridi, anawacheka askari wapya kwamba mmoja alikuwa amevaa kofia ya baba yake. Kinue alikuwa amesharudi na maji. Mama akakaa, akaisalimu picha, akafunua.

Kikavu kama jiwe la juani.

 Akapitisha kidole ndani ya kifuniko, akakitazama kidole. Akakiweka kifuniko tena juu ya bakuli, akangoja, akafunua. Kikavu. Kinue alisimama na kata mkononi, maji yakimwagikia mguuni. Mimi nilingoja kilio. Nilikuwa nimejiandaa kumshika.

"Genkichi," akasema, sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Huko melini, mpishi anakula saa ngapi?"

"Mama?"

"Anakula kwanza au mwisho?"

"Mwisho," nikasema. "Akishawapakulia wote."

"Na kikiisha?"

Nikaitazama picha. Mama Shige akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokuwa anaijua.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi, Kinue. Bakuli ni la kwake na kila siku nalila mimi. Kwanza mgao ulipokuwa mkubwa nilikuwa nakula la kwangu, la kwake tunawapa kuku. Tangu mwaka jana namnyang'anya mwanangu mdomoni. Ana njaa. Angalia, hata jasho hana."

"Mama, si hivyo," nilisema.

"Ni vipi basi?"

Alinigeukia na macho makavu, anangoja kweli. Nikasema, "Wali umepoa tu. Leo baridi kali."

"Jana palikuwa na joto?"

Akanyanyuka na bakuli, akatoka. Nilimfuata peku. Mbele ya nyumba yao kuna ngazi ya mawe inayoshuka mpaka majini, ya kuoshea samaki. Akashuka mpaka ngazi ya mwisho akaumwaga ule wali baharini, wote, akasuuza bakuli kwa maji ya chumvi. Mwewe wawili walikuwa juu ya paa la ghala. Wakashuka.

Nilikuwa nyuma yake hatua tatu. Nilifungua mdomo. Nakumbuka baridi ilivyoingia kwenye meno. Maneno yalikuwa pale, matatu tu, Mama, Tamotsu amekufa, alishanipangia mwenyewe. Na juu ya ngazi sauti ikasema:

"Mama Tamotsu! Chakula baharini, wakati wa vita?"

Hamasue, na wavu begani.

"Ni cha mwanangu," Mama Shige alijibu bila kugeuka. "Baharia wa manowari Usugiri. Bahari ni moja, kitamfikia. Wewe mjumbe, utamnyima?"

Hamasue akanitazama mimi. Nami nikamtazama. Nadhani alijua. Nadhani alijua tangu siku ya kwanza pale kisimani, na alikuwa ananiomba kwa macho nisimpe kazi ya kufanya.

"Nani atamnyima baharia," akasema, akaenda zake.

"Ulitaka kusema nini, mwanangu?" Mama Shige aliniuliza.

"Nilitaka kusema ngazi zinateleza."

Mchana nilipoondoka alinipa kifurushi cha dagaa waliokaangwa na wali uliokaushwa, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu.

"Mpe mkononi. Usimpe mtu mwingine ampe. Na umwambie mama yake amejua kosa lake."

Nilivila mwenyewe kwenye treni. Nilikuwa na njaa, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Baada ya hapo nilipangiwa meli ya kuvuta majahazi bandarini kusini, kuchemsha maji tena. Niliandika barua mbili kwa kaka yangu nikimwomba wamtazame Mama Shige anavyokula. Barua zote zilisomwa na wakaguzi kabla ya kutumwa, kwa hiyo sikuweza kueleza kwa nini. Kaka yangu akajibu kwamba siku hizi hakuna anayekula. Vita vilipoisha nilikaa mwaka mzima kambini nikisubiri meli ya kunirudisha, na meli zenyewe tulikuwa tumezimaliza.

Nilimkuta Kinue jikoni palepale. Alikuwa amekonda, mvi mbili tatu kabla ya umri. Picha ukutani zilikuwa mbili. Nilipiga magoti mbele ya hizo picha, nikawasha udi, nikakaa.

"Mama alikufa mwezi wa pili, mwaka uliofuata," Kinue alisema. "Daktari alisema moyo. Moyo gani? Alikuwa mwepesi, nilimbeba peke yangu. Karatasi ya kaka ilikuja mwezi wa nne."

"Alikuwa hali kabisa?"

"Asubuhi kiazi kidogo. Wali wake wote wa mgao alimwekea kaka, halafu baharini. Nikimpa nusu ya wangu, anamtunzia kaka, kiwe chake cha jioni. Nilipiga kelele, nilimficha bakuli. Alilia kama mtoto, nikamrudishia." Akakuna sakafu kwa ukucha. "Na kifuniko, kaka Genkichi, tangu siku ile hakikuwahi kukauka tena. Hata siku moja. Kila mchana ananiita: 'Njoo uone! Umeona sasa anashiba?' Alikufa anafurahi. Siwezi kusema hakufurahi."

Nje palikuwa na sauti ya ndoo kisimani. Akangoja mpaka mtu wa ndoo akaenda.

"Siku ile nilikuacha na moto. Ulikigusa?"

"Nilikikausha," nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Yote, tangu viazi kwenye kivuli cha bomba la moshi, mpaka bega la kaka yake chini ya mguu wangu, mpaka kamba ilivyokuwa nyepesi. Nilisema na yale maneno matatu, vilevile alivyoyataka Tamotsu, bila kuzunguka. Niliyasema kwa mtu asiye mwenyewe, na miaka minne nimechelewa. Nikamwambia habari ya dole gumba, na ya polisi, na kwamba niliogopa mama yake angelia.

Kinue alisikiliza mikono imelala mapajani. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Angelia," alisema mwishowe. "Wangemchukua siku kumi, wangemrudisha. Angelia tena siku tatu. Ya nne angekula."

Akanyanyuka kwenda kuangalia sufuria. Mimi nilibaki nimekaa, natazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi. Pale kwenye ngazi ya mawe mwewe walikuwa wanazunguka chini chini, sita au saba. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya ule wali.